Yasini Iliyokatwa

Inasimuliwa kwamba palikuwa na mji mdogo uliokaa bondeni kati ya milima miwili, katika nchi ya watu wa kale waliomcha Mungu. Wasimulizi wamehitilafiana ni nchi gani. Mmoja wa walimu wangu alisema ni Yemeni, mwingine akasema ni mbali zaidi ya huko, na wote wawili walikasirika nilipowauliza kama wana hakika. Sikuendelea kuuliza. Bonde ni bonde, na mwenye kiu ni mwenye kiu popote alipo.

Jambo la kujua juu ya mji ule ni kwamba hakuna mtu wake aliyeweza kuliona jua likizama. Mlima wa magharibi ulikuwa mrefu, tena karibu, hata baada ya alasiri kidogo tu kivuli chake kilikuwa kimekwisha kuufunika msikiti, visima na nyumba zote. Lakini jua haliwi limezama kwa kuwa wewe umeingia kivulini. Lilikuwa lingali lipo, na nuru yake ikilipiga jiwe kubwa lililosimama kileleni upande wa mashariki. Jiwe hilo wenyeji waliliita Shahidi. Shahidi akiwa mwekundu, jua lipo. Shahidi akizimika, jua limetua, na aliyefunga amepata ruhusa ya Mola wake ale na anywe. Nyumba za mji zilibanana sana, na Shahidi hakuonekana ila kutoka juu ya mnara wa msikiti, na kutoka kibanda kimoja kilichokuwa peke yake nje ya mji. Kwa hiyo Ramadhani nzima watu wale walifunga kwa jicho la mtu mmoja, naye ni mwadhini.

Na siku za mawingu, Shahidi anapofunikwa? Wazee wao walikuwa wameweka kanuni. Siku hiyo mwadhini atangoja mpaka giza la mashariki lipande, kisha asiamini macho yake, bali asome Sura ya Yasini mwanzo hadi mwisho kwa utulivu, herufi kwa herufi, ndipo aadhini. Walikuwa watu wenye akili. Walijua kwamba jicho la mtu mwenye kiu huona giza mapema.

Zama za kisa hiki mwadhini alikuwa Mundhiri bin Rashidi. Alikuwa ameushika mnara ule kwa miaka ishirini na miwili, sauti yake ikitelemka bondeni ikaingia hata kwa wagonjwa waliolala, na watu wakamwita Jicho la Mji. Alikuwa mcha Mungu, na alijua kuwa yeye ni mcha Mungu, na hilo la pili ndilo lililomletea balaa.

Kabla yake mwadhini alikuwa Mzee Bakhiti bin Ayadi. Ilitokea Ramadhani moja ya mawingu, Mzee Bakhiti aliadhini, watu wakala, kisha mawingu yakapasuka na jua likatoka. Siku hiyo Mundhiri, akiwa kijana, alikuwa akirudi na mbuzi kwenye malisho ya juu, akaliona jua kwa macho yake. Akashuka mbio hadi mlangoni mwa msikiti akapaza sauti mbele ya jamaa yote, "Mzee huyu ametulisha mchana!" Kwetu huku anayekula mchana wa Ramadhani tunamwita kobe, tukacheka, jioni tukasahau. Wao walimwita Mzee Bakhiti Mla-mchana, wakacheka, ila wao hawakusahau. Jina likamganda. Mnara akapewa Mundhiri kwa sababu ya macho yake makali, na yule mzee akahamia kile kibanda cha nje ya mji, akawa anasuka majamvi. Miaka ikapita hata vijana wakadhani Mla-mchana ndilo jina alilopewa na mama yake.

Basi ikafika Ramadhani iliyoangukia kiangazi. Nanyi mnaijua saumu ya kiangazi, wala sina haja ya kuwaeleza. Siku za mwanzo mtu hupigana na tumbo. Likiisha kutulia tumbo hupigana na ulimi, na ulimi ni mgumu zaidi. Halafu Mungu akipenda, baada ya kumi la kwanza, kuna kitu hufunguka ndani ya kifua, na mtu akajikuta anatembea mwepesi, anasikia Kurani kana kwamba inasomwa kwa ajili yake peke yake, anamwona maskini na kumjua kuwa ni ndugu yake kweli. Mundhiri alikuwa ameifikia hali hiyo. Kila alasiri alipokaa juu ya mnara akitazama Shahidi, na chini yake mji mzima umenyamaza, mwenye kisima hanywi na mwenye shamba hali, si kwa kuogopa mfalme wala askari bali kwa ajili ya Mmoja wasiyemwona, alikuwa akitetemeka kwa haiba ya jambo lile.

Jumanne ya tarehe kumi na tisa, baada ya alasiri, wingu zito lilijilaza juu ya mlima wa magharibi. Shahidi akazimika kabla ya wakati wake. Joto halikupungua hata kidogo, na Mundhiri alikuwa amelala bila daku, kwa hiyo kiu ya siku ile ilikuwa imeingia hadi kwenye mifupa. Alikaa akangoja giza lipande. Lilipopanda, au alipoona limepanda, akaanza Yasini. Akasoma vizuri mwanzoni. Kisha ulimi ukamgandia kwenye kaakaa, akawa anasoma na kuitazama tende iliyokuwa mkononi mwake na kibuyu cha maji kilichokuwa miguuni pake. Akasoma kwa haraka. Alipofika mahali fulani, kabla ya nusu ya sura, akasimama, akaikata, akaadhini.

Mji ukafuturu. Bakuli zikafunuliwa, uji ukamiminwa, na sauti za "Bismillahi" zikapanda hadi mnarani. Naye akatia tende mdomoni akanywa maji.

Tende ikiwa ingali mdomoni, ukuta mweupe wa mnara ukawa mwekundu mbele yake. Aligeuka. Wingu lilikuwa limefumuka pembeni, na kule juu mashariki Shahidi alikuwa amewaka tangu shina hadi ncha kama kaa la moto.

Mundhiri akaitema ile tende. Akatazama chini. Hakuna aliyekuwa ameinua uso, kila mtu ameinamia chakula chake, na nyumba zimewaziba. Angeweza kupaza sauti: enyi watu, ngojeni, jua lipo. Maneno matano tu, na koo alikuwa nalo, na maji alikuwa ameshakunywa. Akafungua mdomo. Hapo macho yake yakafika nje ya mji, kwenye kile kibanda, akamwona mtu amesimama mlangoni, tende mkononi, haili, ameelekeza uso kwa Shahidi. Kisha yule mtu akageuza uso taratibu akautazama mnara.

Mundhiri akafumba mdomo. Muda si muda Shahidi akazimika kwelikweli. Yule mtu akala tende yake na kuingia ndani.

Siku ile na kesho yake Mundhiri alingoja pigo. Alijiambia: mzee yule amengoja miaka ishirini na miwili kupata siku kama hii, sasa ameipata. Kila mlango wa msikiti ulipolia, aligeuka kutazama ni nani. Lakini hakuna aliyekuja, na watu waliendelea kumbusu mkono na kumwambia, "Mungu akulinde, Jicho letu."

Hapo ndipo alipoijua adhabu yake. Jumatano alifunga, na njaa ilikuwa njaa tu. Kiu ilikuwa kiu tu. Ule wepesi wa kifua ulikuwa umeondoka kama mgeni aliyeudhiwa, haukuaga. Aliisikia Kurani ikisomwa na haikusema naye. Jioni alipofuturu, mkewe Safura, mwanamke wa maneno machache, alimtazama kwa muda kisha akasema, "Mume wangu, unakula tende kama mtu anayemeza dawa. Nani amekufanya nini?"

"Hakuna aliyenifanya kitu," akajibu Mundhiri.

"Basi ni wewe," akasema Safura, akaondoa bakuli.

Alhamisi baada ya swala ya alasiri Mundhiri alitoka mjini akaenda kwenye kibanda. Hakuwahi kukanyaga pale tangu apewe mnara. Alimkuta Mzee Bakhiti amekaa chini anasuka, vidole vyake vyembamba vikienda vyenyewe bila kutazamwa.

"Asalamu alaikum, Mzee wangu."

"Waalaikumu salamu, mwanangu. Karibu ukae kwenye hilo jamvi. Halijaisha, lakini linakalika."

Mundhiri akakaa. Alitafuta mlango wa kuingilia asiupate, akaingilia popote. "Juzi jioni nilikuona umesimama nje."

"Kila jioni husimama nje. Tangu siku yangu ile sijafungua saumu kwa sikio. Hufungua kwa jicho."

"Basi uliona."

"Niliona."

"Umemwambia nani?"

"Nani huja hapa nikamwambia?" akasema mzee, na hakukuwa na uchungu katika sauti yake, na hilo lilimuuma Mundhiri zaidi.

"Mzee, lilikuwa wingu. Wewe mwenyewe unajua mambo ya wingu. Jambo hili hata waliotangulia, walio bora kuliko sisi, liliwapata."

"Liliwapata, kweli. Wingu nililiona." Vidole vya mzee vikasimama. "Na Yasini uliisoma?"

Mundhiri akainamia jamvi alilokalia.

"Uliisoma ukafika wapi, mwanangu?"

"Nilifika kwenye aya ya usiku," akasema kwa sauti ndogo. "Ile ya mchana kuvuliwa kutoka kwenye usiku, na watu mara wamo gizani. Nikajiambia, basi, usiku umekwisha kutajwa."

"Na aya inayofuata ni ipi?"

Mundhiri aliihifadhi sura ile akiwa na miaka saba. Alifungua kinywa aisome, na sauti ikakataa kutoka. Kwa maana aya inayofuata ni ya jua. Ni ile isemayo kwamba jua linakwenda mpaka kwenye kituo chake, na hayo ni makadirio ya Mwenye nguvu, Mjuzi. Angeongeza aya moja tu, jua lenyewe lingemwambia kwamba halijafika. Alikaa pale mikono juu ya magoti, na khofu ya Mungu ikamwingia, kwani aliona jinsi alivyokuwa ameonywa kwa kinywa chake mwenyewe, akajinyamazisha.

Baadaye akauliza, "Na wewe, Mzee, siku yako ile ulifika wapi?"

"Niliimaliza."

"Yote?"

"Yote. Nikarudia robo ya mwisho kwa sababu nilikuwa na shaka. Kisha nikaadhini, na jua likatoka. Mungu alitaka litoke."

"Kwa nini hukusema?"

"Hakuna aliyeniuliza nimesoma nini," akasema Mzee Bakhiti. "Mliniuliza nimekula nini."

Mundhiri alilia. Alilia kama watoto wanavyolia, bila kujali pua wala kilemba. Yule aliyesoma sura nzima aliitwa Mla-mchana, na yeye aliyeikata aliitwa Jicho la Mji, na mtu wa kwanza kulitamka neno lile mlangoni mwa msikiti alikuwa yeye. Alipotulia akasema, "Ulikuwa na haki ya kushuka mjini Jumanne ileile. Kwa nini hukushuka?"

"Nililiwaza. Nisikudanganye, nililiwaza sana, na Mungu anisamehe kwa utamu nilioupata katika kuliwaza. Kisha nikasema: siku ya kulipa kadha ina nafasi, watu wanaweza kuilipa hata Shaabani ijayo. Ila heshima ya mtu ukiimwaga, haizoleki. Mimi nilisemewa, mwanangu. Nilitamani sana siku ile nipewe muda wa kusema mwenyewe. Basi nimekupa wewe." Akaokota ukili wake, akaendelea kusuka. "Aibu yako nitaisitiri mpaka kaburini. Lakini saumu za watu siwezi kuzisitiri, hizo si zako wala si zangu."

Ijumaa msikiti ulijaa hadi uani. Baada ya swala, Mundhiri alimwomba kadhi ruhusa akasimama mbele ya watu.

"Jumanne niliadhini jua likiwa lipo," akasema. "Saumu yenu ya siku ile ni ya kulipa, na dhambi yake si yenu."

Watu wakashtuka, kisha sauti zikaanza kumtetea. "Lilikuwa wingu!" "Sote tuliliona wingu." "Mwanadamu hukosea, ewe Mundhiri, keti." Hapo ndipo ulipokuwa mtihani wenyewe, ndugu zangu. Mlango wa kutokea ulifunguliwa mbele yake, mpana, na watu wema wakimsukuma apite. Angepita, angebaki Jicho la Mji.

"Halikuwa wingu," akasema. "Nilikuwa na kiu, nikaikata Yasini. Niliiacha kwenye aya ya usiku. Kisha nikaliona jua, nikanyamaza kwa siku tatu kwa kuogopa jina nililompa mtu mwingine. Na mtu huyo jina lake ni Bakhiti bin Ayadi. Siku yake yeye, Yasini aliimaliza na kuirudia. Mla-mchana ni mimi."

Akasimama mfinyanzi mmoja, mtu mkavu, akasema polepole, "Jumanne nilikuwa na homa. Mke wangu aliniambia nile, nina ruhusa. Nikamwambia nitavumilia mpaka niisikie sauti ya Mundhiri."

Mundhiri alisimama tu, akayapokea maneno yale yakamfika. Kadhi ndiye aliyesema, "Uvumilivu wako, ndugu yangu, uko kwa Yule uliyemfungia, na kwake hakipotei kitu. Siku yenyewe utailipa ukipona, nasi sote tutailipa pamoja nawe." Yule mfinyanzi akakaa, akafuta uso kwa kanzu yake.

Mundhiri akauvua ufunguo wa mnara shingoni, akauweka mbele ya kadhi. Kadhi hakuugusa. Aliinua macho akawatazama watu, na watu wakatazamana, na aibu ya miaka ishirini na miwili ikapita safu kwa safu. Kisha wakatoka wote kwa miguu, kadhi mbele, wakaenda kwenye kibanda cha nje ya mji. Na yaliyosemwa pale wasimulizi hawakuyahifadhi, ila walihifadhi kwamba Mzee Bakhiti aliitwa kwa jina lake na kila mmoja aliyeingia, na kwamba mara ya kwanza hakuitika, kwa kuwa hakutambua kuwa anaitwa yeye.

Wakamwomba apande mnara jioni ile. Akacheka. "Ngazi sabini na moja? Magoti yangu yamekwisha kusali swala yao ya mwisho ya kupanda."

"Nitakubeba," akasema Mundhiri.

Akambeba mgongoni, naye amefunga, katika joto lile, ngazi sabini na moja, akipumzika kila kumi. Walipofika juu, jasho limemtiririka na midomo imepasuka, kifua chake kilikuwa kimefunguka tena. Ule wepesi ulikuwa umerudi, kimya kimya, kama ulivyokuwa umeondoka. Wakaketi bega kwa bega, kila mmoja na tende yake. Na jioni ile, kwa hekima ya Mwenye kuyaendesha mawingu, wingu lilikuwa limelala palepale juu ya mlima wa magharibi, na Shahidi alikuwa mweusi.

Giza la mashariki likapanda. Mzee Bakhiti akaanza Yasini. Alisoma kwa sauti iliyochoka, herufi kwa herufi, na upepo ulikuwa umetulia hata waliokuwa uani chini waliisikia. Mji mzima ulisimama na kiu yake ukisikiliza. Hakuna aliyenong'ona wala aliyegusa bakuli. Akafika kwenye aya ya usiku. Akatua, akavuta pumzi. Akasoma ya jua.

Na wingu likafunguka. Nuru ikaja juu ya vichwa vyao ikampiga Shahidi, akawaka mwekundu kutoka shina hadi ncha, na weupe wa mnara ukageuka, na nyuso za wale wawili zikageuka, na watu waliokuwa chini waliinua macho wakaona mwanga mwekundu juu ya msikiti wao, ambao wengi wao hawajawahi kuuona tangu wazaliwe. Mfinyanzi yule alianguka kusujudu. Mundhiri akamshika mzee mkono, na mzee akaubana wake. Lakini sauti haikukatika. Iliendelea aya kwa aya, hadi ya mwisho, na iliponyamaza Shahidi alikuwa amezimika, na usiku ulikuwa umeingia kwa haki.

"Sasa," akasema Mzee Bakhiti. "Adhini wewe. Koo langu limekauka."

Inasemekana Mundhiri aliadhini jioni ile kwa namna ambayo watu walichelewa kula, si kwa sababu ya shaka, bali kwa kuwa mikono yao ilikuwa nyusoni mwao. Na baada ya Idi mji wote ulifunga siku moja ya Shawwali kulipa ile Jumanne, wakubwa kwa wadogo, na walisema hawakupata kufunga siku tamu kuliko ile.

Ndugu zangu, saumu ni siri. Mwenye kusali huonekana anasali, na mwenye kuhiji hupokewa kwa shangwe, lakini aliyefunga anaweza kuinamia mtungi akanywa, akafuta mdomo, akatoka nje, na hakuna atakayejua ila Mmoja. Kwa sababu hiyo Mola amesema kwamba saumu ni Yake, na malipo yake anayashika Mwenyewe. Basi tukianguka ndani ya siri hiyo tusikimbilie kulitafuta wingu, tujiulize kwanza tulifika aya gani. Tunamwomba atufunguze kwa haki, Ramadhani kwa Ramadhani, mpaka ule ufunguzi mkubwa wa kukutana Naye. Mawingu huyaleta Yeye. Yasini tunaikata wenyewe.